Kibanda cha kuchaji simu: pini zimekuwa nyingi, ninunue kebo zipi?

Senta_Koboko
Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa kibanda cha kuchaji simu hapa senta, upande wa Koboko. Umeme ni wa sola: paneli ya wati 200, betri moja ya maji ya 12V 100Ah, na inveta ndogo. Wateja wanaleta kila kitu: katochi (simu ndogo za vitufe) za Micro-USB, Nokia za pini nyembamba ya mviringo, simu za Type-C, iPhone za zamani, spika, taa za kichwani, pawabanki. Yanayonisumbua ni haya:

Kuna taa na spika zenye tundu la Type-C, lakini ukizichomeka kwa kebo yenye Type-C pande zote mbili hazichaji kabisa, hata chaja iwe nzuri namna gani. Mwenye taa anasema tumemharibia.

Kebo ndefu za mita mbili zinaonyesha alama ya kuchaji, ila simu inakaa muda mrefu na asilimia hazipandi.

Simu nyingine lazima ushike kebo kwa mkono ndiyo ichaji.

Nataka ninunue vitu mara moja nikishuka Arua au Kampala, nisirudie. Ninunue nini, na nini niache?

FundiWaya
Nianze na hizo taa, maana watu wengi wanazitupa zikiwa nzima.

Chaja yenye tundu la Type-C haitoi umeme mpaka ihakikishe kuna kifaa upande wa pili. Inahakikisha kwa njia ya pini mbili zinazoitwa CC. Ndani ya kifaa kila pini ya CC inatakiwa iunganishwe na hasi kupitia rezista (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 5.1. Chaja ikiiona hiyo rezista, inafungua 5V. Isipoiona, waya unabaki sifuri. Watengenezaji wa taa, spika na mashine za kunyolea za bei ya chini hubadilisha tundu la Micro wakaweka la Type-C, halafu wanaziacha hizo rezista mbili ili kupunguza gharama. Umbo ni la Type-C, akili ndani bado ni ya Micro.

Tundu la zamani la USB-A, lile pana, halina mazungumzo hayo. 5V ipo muda wote. Ndiyo maana kebo ya A kwenda C inazichaji bila shida. Kwa hiyo taa haijaharibika, wala wewe hujaiharibu: mchomekee mteja kwenye USB-A mbele ya macho yake, aone taa ya kuchaji ikiwaka.

Kuna nyingine inachaji ukiigeuza kebo, ukirudisha inakataa. Hiyo imewekewa rezista upande mmoja tu.

Fundi mwenye pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba anaweza kuirekebisha. Matundu mengi ya kuchajia tu yana pini sita, na zile mbili za CC ni A5 na B5. Weka rezista ya 5.1k kutoka A5 hadi hasi, na nyingine kutoka B5 hadi hasi. Ziwe mbili tofauti. Usiziunganishe A5 na B5 pamoja ukatumia rezista moja. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilitoka hivyo mwaka 2019 na ikakosa umeme kwa kebo zenye chipu ndani, kwa sababu chaja iliidhani ni kifaa cha sauti.

Kwa kibanda chako jibu ni moja: chaja zako nyingi ziwe na matundu ya USB-A. Usidanganywe kwamba A imepitwa na wakati.

Wilson_Road
Hiyo ya kebo ndefu ni unene wa waya. Tazama maandishi madogo kwenye ganda la kebo. Ikiandikwa 28AWG/1P+24AWG/2C maana yake waya za data ni namba 28 na za umeme ni namba 24. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Kebo nyingi za kando ya barabara zina namba 28 kote, na hazijaandikwa chochote.

Hesabu yake hii. Waya namba 28 una ukinzani wa omu 0.21 hivi kwa kila mita. Kebo ya mita mbili, umeme unaenda na kurudi, ni mita nne, yaani omu 0.85. Ukipitisha ampea moja tu umepoteza volti 0.85, na simu inapata 4.15V badala ya 5V. Simu ikiona volti zinashuka hivyo inapunguza yenyewe inachovuta. Alama ya kuchaji ipo, nguvu haipo. Sasa chukua mita moja ya namba 24: kwenda na kurudi ni omu 0.17. Hata kwa ampea mbili unapoteza 0.34V tu, simu inapata 4.66V na inafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo usinunue kebo ya zaidi ya mita moja. Nusu mita ni bora zaidi kwa kibanda, na hazifungamani.

Dukani nenda na kipima cha USB, kile kidogo kinachoonyesha V na A. Tumia chaja moja na simu moja, betri yake iwe chini ya asilimia 50, kwa sababu ikishapanda simu inavuta kidogo yenyewe na kipimo hakikwambii kitu. Kisha badilisha kebo tu. Jambo moja watu hukosea: kipima kikikaa upande wa chaja, volti zitasoma 5 hata kwa kebo mbovu, maana umeme unapotelea mbele yake. Soma ampea. Kebo inayopitisha 1.8A wakati ya jirani yake inapitisha 0.6A, umeshapata jibu. Muuzaji anayekataa upime, mwachie kebo yake.

Boda_wa_Arua
Mimi ningesema anunue kebo za sumaku. Kichwa kimoja, ncha tatu tofauti, mteja anagusisha tu inashika. Tundu la simu halichakai.

FundiWaya
Ndugu, kwa mezani ndani ya nyumba sawa. Kwa senta yenye vumbi la murram, hapana. Udongo wetu mwekundu una chuma, na sumaku inaokota chembe zake. Zile pini ziko wazi na zina 5V muda wote. Chembe ikikaa kati ya pini mbili zinaungua, na joto lake linaishia kwenye ncha iliyo ndani ya simu ya mtu. Tena ncha zinapotea, na nyingi hazipitishi chaji ya kasi. Akae mbali nazo.

Senta_Koboko
Asanteni sana. Rezista nimeelewa, hata taa mbili zilizobaki hapa nimezijaribu kwenye USB-A, zimewaka. Je, zile kebo za vichwa vitatu, Micro, Type-C na iPhone kwa pamoja? Zinaonekana zinapunguza gharama.

Wilson_Road
Waya ni mmoja, vichwa vitatu. Ukichaji simu moja kwa wakati, sawa. Ukichomeka tatu, zinagawana kile ambacho waya mmoja mwembamba unapitisha, zote zinachelewa. Weka moja kama ya akiba, usiijengee biashara.

Mama_Sola
Dada au kaka, nisamehe sijui nikuiteje. Kebo zimeshazungumzwa, lakini kwenye mfumo wako unapoteza umeme mahali pengine: inveta. Unachukua 12V ya betri, unaipandisha hadi 240V, halafu chaja inaishusha tena hadi 5V. Kila hatua inakula. Na inveta yenyewe inakula hata kama hakuna simu. Ikila wati 8 tu kwa saa 10, ni 80Wh (wati mara saa), yaani simu tatu kubwa umezichaji hewani.

Nunua chaja za gari, au zile za USB za kufunga kwenye ubao, zinazoingiza 12V hadi 24V. Ziunge moja kwa moja na betri. Paneli ikichaji, betri ya 12V inafika mpaka 14.4V, na chaja hizo zinastahimili. Usitegemee matundu ya USB yaliyo kwenye kidhibiti cha sola, mengi hutoa ampea mbili kwa jumla.

Uungaji: waya wa 4 mm², umbali usizidi mita mbili. Fyuzi ya 15A iwekwe kwenye chanya, karibu na betri, isizidi sentimita 20. Fyuzi ikiwekwa mwisho karibu na chaja, waya wote wa katikati hauna ulinzi, na betri ya 100Ah ina nguvu ya kuuyeyusha waya na kuwasha mbao za kibanda. Hili nakuomba usilipuuze.

Sasa uwezo wako. Simu ya 5,000mAh ina 19Wh hivi, ukiongeza kinachopotea weka 25Wh. Katochi ya 1,000mAh haifiki 4Wh, weka 5. Betri yako ni 1,200Wh kwenye karatasi, lakini betri ya maji ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600Wh. Simu kubwa 15 ni 375Wh, katochi 30 ni 150Wh, jumla 525Wh. Hapo uko salama hata siku ya mawingu. Jua likiwaka vizuri paneli inarudisha, unaweza kuzidi hapo. Pawabanki za 20,000mAh zitoze bei ya simu nne, kwa sababu ndicho zinachokula.

Mita_Mkononi
Kuhusu simu za kushikilia kebo kwa mkono. Kabla ya kusema tundu limekufa, badilisha kebo. Kwenye Micro na Type-C, vile vibano vya chuma vinavyoshika viko kwenye kichwa cha kebo, vimewekwa huko makusudi ili kebo ichakae kabla ya simu. iPhone za Lightning ni kinyume, vibano viko ndani ya simu.

Kebo mpya nayo ikilegea, tazama ndani kwa tochi. Kwenye Type-C utaona kama kitambaa cha kijivu chini kabisa. Ni nyuzi za mfukoni na vumbi, vimekandamizwa na kebo kila siku mpaka vikawa kama gamba. Kebo haifiki mwisho, haitoi ule mlio wa kushika. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kichonge kiwe bapa, pita ukutani mwa tundu na chini, ukivuta nje. Lile ulimi la katikati usiliguse kwa nguvu, ni jembamba na ndilo limebeba pini zote. Sindano na pini ya nguo marufuku, zinakwaruza dhahabu ya pini na kuunganisha njia. Ukiona kijani, hiyo ni kutu ya unyevu: tone la spiriti kali kwenye brashi ya meno laini, sugua taratibu, acha robo saa ikauke ndipo uchomeke. Simu iliyonyeshewa usiichomeke kabisa. 5V ikikutana na maji inakula pini haraka sana.

Mwambie mteja kabla hujagusa, na afanye uamuzi yeye.

Wilson_Road
Orodha ya kununua, kwa hesabu ya Mama_Sola:

Kebo za A kwenda C, nusu mita au mita moja, namba 24 au chini yake: 10.
Kebo za A kwenda Micro: 8, na nyongeza 4, maana hizi ndizo zitachakaa kwanza. Simu za vitufe bado nyingi ni Micro.
Kebo za C kwenda C za wati 60: 2 zinatosha. Za wati 100 na 240 zina chipu ndani na bei kubwa, hazikuongezei kitu kwa simu.
Lightning: 2. iPhone 5 ya mwaka 2012 ndiyo iliyoanza nayo, na kuanzia iPhone 15 ya Septemba 2023 wamehamia Type-C, kwa hiyo usiweke akiba kubwa. Nunua zenye idhini ya Apple, za bandia simu huzikataa kwa ujumbe kwenye kioo.
Kebo ya USB ya pini ya mm 2 kwa Nokia: 1 au 2.
Chaja za 12V zenye USB-A: za kutosha matundu 12, na usome ampea za jumla. Chaja ya matundu sita yenye 6A jumla ni ampea moja kila mmoja.
Chaja ya 12V yenye Type-C ya wati 30: 2.

Ulaya imelazimisha Type-C kwa simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kuwa watengenezaji hawapendi kutengeneza aina mbili, mkondo ni huo huo hata kwetu. Micro itaendelea kuja kwa katochi muda fulani. Ukiongeza kebo baadaye, ongeza za Type-C.

Senta_Koboko
Swali la mwisho. Kuna wanaolalamika simu zao nyumbani zinajaa kwa saa moja, hapa kwangu saa mbili na nusu.

FundiWaya
Simu hizo zina chaji ya kasi ya kampuni yenyewe. Kichwa cha chaja na simu vinaelewana kwa lugha yao, na nyingine zinataka hata kebo yao. VOOC ya Oppo, kwa mfano, inapitisha ampea nyingi kwa volti ndogo, na kebo ya kawaida haikubaliwi, simu inarudi kwenye mwendo wa pole. Zinazotumia USB PD, yaani chaji ya kasi ya pamoja isiyo ya kampuni moja, zitapata 9V kwenye zile Type-C mbili za wati 30, na hapo utaona tofauti. Zilizobaki mwambie mteja aje na kichwa na kebo yake, na hapo tu ndipo uwashe inveta. Mwenye haraka mshauri achukue simu ikifika 80. Asilimia 20 za mwisho simu yenyewe inapunguza mwendo ili kulinda betri, na tundu lako linakaa limeshikwa bure wakati mwingine anasubiri.