Naomba ushauri: maneno ya vipimo kwa Kihispania

Habari zenu wakuu. Nipo Valencia, Hispania, nimepata kazi kwenye duka la mapazia. Salamu na bei nazimudu, vipimo ndivyo vinanitoa jasho. Kuuliza naweza: "¿Cuánto mide?" (yaani "ina vipimo gani?"), swali linalofaa dirisha na hata kimo cha mtu. Jibu nalo si gumu, mfano "dos metros de largo y metro y medio de ancho" (urefu mita mbili, upana mita moja na nusu).

Kazi ipo kwenye urefu na ufupi. Sisi "-refu" inatutosha. Wao pazia ni "largo", mtu ni "alto". Pazia fupi ni "corto", mtu mfupi "bajo". Tena vitabu vinanipa "longitud" (urefu) na "anchura" (upana), ila wateja nawasikia na "el largo" na "el ancho" zao. Nikariri yapi kwanza?

Halafu namba. Mteja akisema "dos cuarenta", yaani mita 2 na sentimita 40, anaitamka kwa kasi kweli. Masikio mliyazoezaje? Programu za simu zinasaidia, au nichukue futikamba nipime kila kitu nyumbani huku nikitamka? Wenye uzoefu wa kazi za vipimo, nawasikiliza nyinyi zaidi. Nawasilisha.