Makaroni ya oveni: gumzo la familia

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Leo narudia makaroni ya oveni. Yale ya wiki iliyopita yalitoka rojorojo, na maji yametuama chini ya trei. Iliniuma.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Uliyachemsha mpaka wapi?

Zuhura: Mpaka yakaiva kabisa, Shangazi.

Shangazi: Basi ni hapo. Yaliiva mara mbili. Angalia dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, uyaepue mbili au tatu kabla. Ukilitafuna moja, kati liwe bado gumu kidogo. Litamalizikia kwenye mchuzi.

Salim: Na yale maji?

Shangazi: Mchuzi mwepesi, au jibini. Ulitia mozzarella gani?

Zuhura: Ile laini, ya kwenye maji.

Shangazi: Hiyo ikate, iache kwenye chujio nusu saa, kisha uipanguse. Na mchuzi wa nyama usiukimbize. Kaanga kitunguu, karoti na seleri, vyote vidogovidogo, mpaka vilegee. Tia nyama ya kusaga, ikauke maji yake, ndipo nyanya. Moto mdogo, saa moja na nusu au mbili. Ukiona mafuta yanaelea juu, epua.

Mama Mdogo: Saa mbili ni nyingi ila ladha yake huipati kwa nusu saa. Watu wa Bologna, kule Italia, mchuzi huu, wao wanauita ragù, waliusajili upishi wake rasmi mwaka 1982, kwenye chemba ya biashara ya mji wao.

Salim: Sosi nyeupe ni lazima?

Shangazi: Lasagne ya Bologna, ile ya makaroni bapa ya kupanga tabaka, haikosi. Ya Napoli wanatia ricotta, jibini laini. Mimi niko na Bologna. Zuhura, andika: siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa nusu lita. Unga ukaangike kwenye siagi dakika mbili, usibadilike rangi, halafu maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Kungumanga uikwaruze mwishoni.

Zuhura: Nimeandika. Oveni?

Shangazi: Nyuzi 180 za Selsiasi. Funika dakika 20, funua nyingine 20 hivi. Jibini la parmesani juu usilibanie.

Zuhura: [Picha] Imetoka! Pembeni bado inatokota. Watoto wameshashika sahani.

Shangazi: USIKATE. Dakika 15.

Zuhura: Wanalia njaa Shangazi 😭

Shangazi: Wape maji ya kunywa. Ikiwa ya moto hivyo sosi bado ni majimaji, ukikata sasa inatiririka yote. Ikitulia inashikana.

Mama Mdogo: Msikilize. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote.

Zuhura: [Picha] Kipande kimesimama! Chini pakavu kabisa. Asante sana Shangazi ❤️

Salim: Pale pembeni palipokauka niwekeeni. Niko njiani.