Mabaki ya ndege za kijeshi milimani: watu waende kuyaona, au wasiende?

Wakuu, naleta mada hii kwa sababu imenikaa rohoni. Juzi nilipanda mlima wa Bleaklow, Uingereza, mashariki ya Manchester, hadi kilele cha Higher Shelf Stones, mita 621. Hapo ndipo ilipoanguka B-29, ndege ya kijeshi ya Marekani, tarehe 3 Novemba 1948, ikitoka kambi ya ndege ya Scampton kwenda ile ya Burtonwood. Safari fupi tu. Ilishuka ndani ya wingu ikagonga mlima, wakafa wote 13, na walibakiza siku chache warudi kwao.

Injini zimelala kwenye tope jeusi. Mabati yamepinda, ribiti zake bado zimefuatana kama mshono wa cherehani. Kando kuna jiwe la kumbukumbu na misalaba midogo ya mbao yenye maua mekundu. Halafu namwona kijana kapiga magoti, anang'oa kipande kwa bisibisi! Eti kitaliwa na kutu bure.

Sheria ya Uingereza ya 1986 iko wazi: kuyatazama ruksa, kuyagusa kwa kung'oa au kuhamisha bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa. Mimi nasema watu waende. Anayebeba hata ribiti moja ashitakiwe, maana hapo walikufa watu.

Mchangiaji: Mleta mada, nakupinga. Kila picha mnayorusha inaita wengine, na katika hao wenye bisibisi hawakosi. Isitoshe, ardhi ile ya mboji ikishachimbika kwa viatu haijirudishi upesi. Vikusanywe vyote viende makumbusho, libaki jiwe peke yake.

Mleta mada: La mboji nakubali, ndugu yangu. Tupite kwenye mawe yaliyotandikwa njiani, na pasipo na mawe tusiende makundi makundi. Makumbusho ndiyo sikubali. Siku ile ukungu ulishuka saa nane mchana, injini iliyokuwa hatua kumi mbele yangu sikuiona tena. Nilisimama palepale naogopa kuinua mguu, nikawafikiria wale 13 wakija kwa kasi ya ndege ndani ya weupe ule ule. Ukumbi wenye taa utanionyesha hilo?

Wengine mnasemaje? Hasa mliopoteza ndugu angani: mngependa wageni wafike pale?