Naenda Svalbard mwezi wa tatu kupiga picha, kamera na vidole nivifanyeje?

Kipanga wa Karatu
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na moja huu Serengeti na Ngorongoro. Kamera nimejifunzia humo humo garini: mfuko wa maharage dirishani, lenzi ya 150-600 juu yake, basi. Sasa mgeni wangu mmoja wa miaka mingi kanilipia nauli hadi Longyearbyen, mji wa Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, wiki ya pili ya Machi. Baridi kali kuliko zote niliyowahi kuionja ni ya Kibo, Kilimanjaro, usiku wa kupanda kileleni, na simu ilizima kabla hatujafika Gilman's, kituo cha karibu na kilele. Betri nibebe ngapi? Na hao dubu weupe, wanasogelewa kama simba wetu?

Mtanga wa Tromsø
Karibu kwenye friji, kaka. Niko Norway mwaka wa tisa na huko Svalbard nimefika mara tatu.

Baridi kamera inaivumilia. Ubaya uko mlangoni, unaporudi ndani. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka nje kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nikaingia mgahawani, nikaiweka kamera mezani karibu na hita, nikaagiza chai. Unaijua chupa ya soda ikitolewa kwenye barafu mchana wa Tanga inavyotoka jasho? Kamera ikawa hivyo hivyo, na maji yakaingia hadi ndani ya lenzi. Siku mbili nzima kila picha ina ukungu. Siku hizi, kabla sijagusa kitasa, natoa kadi naitia mfukoni, kamera naifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na siufungui mpaka yapite kama masaa mawili. Kadi unayo mkononi, kwa hiyo picha unaziangalia huku unasubiri.

Betri beba nne, uzivae mfuko wa ndani kabisa, karibu na ngozi. Ikizima usiitupie begini. Ipashe joto kifuani, itakupa picha nyingine kadhaa.

Halafu theluji. Kamera inaona weupe umezidi, inaupunguza, na picha inatoka rangi ya maji ya kufulia. Ongeza mwanga kwenye kipimo cha +/- cha kamera, +1 hadi +1.7. Kama umewahi kupiga heroe kwenye magadi kule kreta, hesabu ni ile ile.

Nyar Kisumu
Mtanga amesema yote ya kamera, mimi niongeze ya mwili. Vaa glovu mbili, nyembamba ndani na kubwa ya kufunika vidole vyote pamoja juu yake. Unavua hiyo kubwa tu ukitaka kubonyeza. Miguu ya stendi kama ni ya chuma izungushie sponji, maana chuma hicho kikishika ngozi utalia. Viatu vikubwa namba moja zaidi, vikibana damu haipiti. Na ukiwa umeweka jicho kwenye kamera usipumue kwa mdomo: kioo kinaganda hapo hapo.

Kipanga wa Karatu
Asanteni sana. Dubu je?

Mtanga wa Tromsø
Wale wasahau, kaka. Sheria ya 2025 inakutaka ukae mita 300 mbali nao, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Kwa lenzi yako dubu atakuwa punje ya mchele kwenye sahani. Kama ukibahatika kumwona, piga mlima na barafu, yeye awe kitu kidogo ndani yake. Mimi picha kama hizo nazipenda kuliko za sura, lakini hilo ni la kwangu.

Na usitoke nje ya mji peke yako. Mwongozaji anabeba bunduki. Leo wewe ndiye mtalii.

Cha kupiga ni kulungu wa huko. Wafupi, wanene, miguu kama ya mbuzi, wanapita katikati ya nyumba wakikwangua theluji kwa kwato wapate majani. Na umepata wiki nzuri: jua linaurudia mji tarehe 8 Machi, watu wanalisubiri kwenye ngazi za hospitali ya zamani. Likishatoka linatambaa chini chini, kwa hiyo ule mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi unaoukimbilia Seronera, kule unakaa nao masaa.

Kipanga wa Karatu
Na mfuko wa maharage, nije nao?

Mtanga wa Tromsø
Njoo nao mtupu, mchele uko dukani. Ila dirisha la gari hakuna. Unauweka juu ya theluji, unalala tumbo nyuma yake, unamngoja kulungu ainue kichwa. Suruali iwe ya kuzuia maji.