Kamera ndogo: kitundu cha lenzi au cha umeme?

Mtoto wa Ilala: Wakuu, natafuta kamera ndogo ya kuzunguka nayo mjini Dar: Kariakoo, Feri, Coco Beach. Jua la saa saba kioo cha nyuma sikioni kabisa, kwa hiyo lazima iwe na kitundu cha kuchungulia. Kipi bora, kile cha lenzi tupu au kile chenye kiskrini ndani?

Fundi Mwanga: Cha umeme, hicho chenye kiskrini. Unaona mwanga na rangi kabla hujabonyeza. Cha lenzi kwenye hizi ndogo ni usumbufu. Nilikuwa na Canon G12, kitundu chake hakionyeshi hata picha nzima, halafu kiko juu ya lenzi inayopiga picha, hakipiti ndani yake. Ukimsogelea mtu karibu, ulichokiona sicho kilichopigwa.

Babu Filamu: Cha umeme kinakula betri, na ikiisha umebaki kipofu. Cha lenzi unachungulia hata kamera imezimwa. Sisi tulikuwa na filamu ya picha 36, tunapima kwa jicho. Siku hizi mpiga picha wa harusi anafyatua elfu tatu ili apate kumi zisizotikisika.

Lenzi ya Tabata: Shikamoo mzee. Hizo elfu tatu ulihesabu wewe? Njoo ukumbini Jumamosi. Taa za zambarau, DJ kamwaga moshi, bibi harusi anaingia anacheza, na mashangazi wote wamesimama mbele yako na simu juu. Pima kwa jicho nikuone.

Babu Filamu: Marahaba. Nimepima kwa jicho kumbi zenye balbu mbili.

Bajaji Namba Moja: Wapiga picha wa harusi msitufanye tuongee. Harusi ya dada yangu, picha zimekuja mtoto ameshaanza kukaa. Kila tukipiga simu, kompyuta imeharibika.

Lenzi ya Tabata: Mlimaliza kulipa? Watu wanatoa advansi, salio wanasema subiri kamati ivunjwe.

Bajaji Namba Moja: Tulilipa yote kabla ya keki kukatwa! Usinitafute.

Mtoto wa Ilala: Jamani, kitundu.

Fundi Mwanga: Dogo, tafuta Fujifilm X100. Ina vyote viwili, mbele kuna kiwiko unakisukuma kwa kidole, unahama kutoka lenzi kwenda umeme. Hata ukiwa kwenye lenzi kuna fremu inayowaka ndani, inasogea kufuata umbali wa unayempiga. Ipo tangu 2010.

Kigamboni Kwetu: 2011.

Fundi Mwanga: Ilitangazwa 2010, ikaingia sokoni 2011. Umeridhika?

Kigamboni Kwetu: Sasa mwambie na bei. X100VI, toleo lake la sita, ilipotoka 2024 ilikuwa dola 1,599 huko Marekani, ushuru hujagusa. Huyo anataka kupiga dagaa Feri. Achukue Sony RX100 ya tatu iliyotumika, ile ya 2014, kitundu cha umeme kinachomoka juu kama jogoo, ukimaliza unakirudisha ndani.

Babu Filamu: Na gizani hicho cha umeme kinajaa chenga. Mtu akigeuka, wewe unaona alivyokuwa kabla.

Lenzi ya Tabata: Sasa gizani lenzi yako itakuonyesha nini mzee, si giza lile lile? Bora chenga. Halafu unavaa miwani, sema kweli. Cha umeme kina kigurudumu au kiwiko kidogo, unakirekebisha mpaka jicho lako linaona.

Babu Filamu: Miwani yangu imeingiaje hapa?

Kigamboni Kwetu: 😂😂 Imeingia yenyewe.

Mtoto wa Ilala: Kwa hiyo RX100 ya tatu. Kuna mwenye nayo anauza?

Bajaji Namba Moja: Muulize Tabata, labda anauza ile iliyopiga harusi yetu.

Lenzi ya Tabata: Siyo mimi niliyepiga harusi yenu!! Taja tarehe na ukumbi hapa hapa.

Bajaji Namba Moja: Mbona umepaniki, nani kakutaja?