Naomba ushauri: nifungue fremu ya mchoro huu mdogo wa karne ya 18 au niiache?

Ndugu zangu, salamu kwenu.

Ninaishi Uingereza, na mwezi uliopita nilinunua katika duka la vitu vya kale picha ndogo ya sura ya mwanamume, isiyozidi kiganja cha mkono, iliyochorwa kwa penseli na rangi nyepesi za maji juu ya karatasi. Pembeni pana herufi J.S., mwaka 1787 na herufi I.

Herufi hizo ndizo zinazoninyima usingizi. John Smart, mchoraji Mwingereza wa picha ndogo za sura za watu, ambaye kwangu hana mpinzani katika sanaa hii, alikuwa na desturi ya kutia herufi za jina lake pamoja na mwaka, na katika kazi alizozifanya India, alikoishi Madras kati ya 1785 na 1795, aliongeza I. Picha hii ina utulivu wa mkono wake, kunyanzi kwa kunyanzi. Lakini saini huigizwa kwa urahisi.

Muuzaji alinihimiza niifungue fremu nitazame nyuma ya karatasi. Ninasita, kwa sababu karatasi ina madoa ya kahawia na kioo kinaelekea kuigusa rangi. Je, nianze kwa mhifadhi wa kazi za karatasi au kwa mtaalamu wa mnada? Tena, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi za maji, nimeiweka kabatini; je, unyevu hautaidhuru humo?

Aliyewahi kutunza mchoro wa namna hii, naomba anieleze alianzia wapi.