Ulinganisho: kitabu huria kipi cha kalkulasi kinafaa kwa kidato cha tano?

MwalimuMasasi:
Ndugu walimu, ninafundisha Hisabati ya Juu kwa wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na nataka tuwe na kitabu kimoja cha bure cha kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, ambacho kila mwanafunzi atakuwa nacho mkononi. Nimesoma vitatu. Cha OpenStax, kinachotolewa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani tangu 2016 kwa juzuu tatu, kina mifano mingi iliyotatuliwa na mazoezi tele, lakini unene wake unazidi uwezo wetu wa kuchapisha. APEX Calculus cha Gregory Hartman kimeandikwa kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya hisabati, nacho hueleza jambo kwa ufupi na kwa uwazi. Active Calculus cha Matt Boelkins kina mifano michache mno iliyotatuliwa. Badala yake humpa mwanafunzi shughuli za kufanya darasani, hatua kwa hatua, mpaka aifikie dhana yeye mwenyewe. Moyo wangu uko kwa hiki cha tatu, ila ninauhofia mtihani wa taifa.

Pwani_Lindi:
Mwalimu, hofu hiyo ina msingi. Wengi wa vijana wetu wanafika kidato cha tano bila kuwahi kuiona diferensiesheni, yaani kutafuta kasi ya badiliko, kwa kuwa hisabati ya kawaida ya kidato cha nne haina mada hiyo. Mwanafunzi wa namna hii, akiwa peke yake bwenini usiku, anahitaji swali lililotatuliwa lote ili aone kila mstari ulivyotoka kwenye mstari uliotangulia. Mimi ningechukua OpenStax, nikachapisha sura za limiti (thamani ambayo majibu yanazidi kuikaribia), diferensiesheni na integresheni (kujumlisha vipande vidogovidogo) tu, na zilizobaki nikazigawa kwa flashi.

Hisabati_Msimbati:
Ninaheshimu hoja ya mwenzangu wa Lindi, lakini siikubali yote. Nimewaona wanafunzi wanaotoa jibu sahihi la diferensiesheni na bado hawawezi kusema jibu hilo linapima nini. Active Calculus huanza na mpira uliorushwa juu, na kimo chake ni s(t) = 64 − 16(t − 1)², kwa futi. Mwanafunzi hutafuta kasi ya wastani katika vipindi vinavyozidi kuwa vifupi, na limiti inajitokeza kabla haijapewa jina. Futi hazitufai, na hapo ndipo faida ya kitabu huria inapoonekana, kwa sababu unaruhusiwa kuandika s(t) = 19.6 − 4.9(t − 1)², kwa mita. Mpira sasa unaanzia mita 14.7, unafika kileleni sekunde ya 1 na kugusa ardhi sekunde ya 3, sawasawa na ule wa awali. Kati ya sekunde 0.5 na 1 kasi ya wastani ni mita 2.45 kwa sekunde, hesabu ambayo kijana anaifanya bila kikokotoo. Mabadiliko kama haya hayaruhusiwi katika kitabu cha dukani.

Nachingwea_PCM:
Naomba kabla hamjaanza kukata na kubandika, someni leseni. Vyote vitatu viko chini ya Creative Commons, leseni zinazoruhusu kazi kunakiliwa bure kwa masharti, lakini masharti yanatofautiana. Active Calculus kinaruhusu kurekebishwa na hata kuuzwa, mradi mwandishi atajwe na toleo jipya libaki chini ya leseni ileile. OpenStax nao wanadai leseni yao ileile, ila wanakataza biashara. Kwa hiyo maandishi ya viwili hivi hayawezi kuunganishwa kuwa kazi moja, kwa kuwa kila kimoja kinaitaka kazi hiyo ichukue leseni yake. APEX kinakataza biashara bila kudai leseni ileile. Mazoezi yake yanaweza kuchanganywa na ya OpenStax, kisha kazi yote ikatolewa kwa masharti ya OpenStax.

MwalimuMasasi:
Ahsante sana, mwalimu, jambo hili sikuwa nimelipima. Basi nitatoa vijitabu viwili vilivyotengana: cha shughuli kutoka Active Calculus, vipimo vyote vikiwa vya mita, na cha mifano na mazoezi kutoka APEX na OpenStax. Kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, maandishi yatabaki kwa Kiingereza, na pembeni nitaongeza maelezo mafupi ya Kiswahili pale ambapo lugha huwakwamisha kuliko hesabu yenyewe. Je, mwenye duka la steshenari akitutoza fedha ya kudurufu, tumevunja sharti la biashara?

Nachingwea_PCM:
Swali hilo lilifika mahakama ya rufaa huko Marekani, nayo mwaka 2018 ikaamua kwamba duka linalodurufu kwa niaba ya shule, kwa malipo ya kazi hiyo, halivunji sharti. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaafikiana na msimamo wa Creative Commons wenyewe. Kinachokatazwa ni duka kuchapisha nakala kwa hiari yake na kuziuza kwa faida.

Pwani_Lindi:
Kijitabu cha mifano nipo tayari kukiandaa mimi, nikianza na sura ya limiti. Mwalimu wa Msimbati, tafadhali tuwekee hapa faili la LaTeX la shughuli ya mpira, ili sote tuanze na alama na vipimo vya aina moja.